Moshi wa mbabula na akili ya uzeeni

Mbabula ya makala, yaani jiko la makaa, hutoa moshi wake mbaya zaidi katika dakika 15 hadi 20 za kwanza, kabla makala hayajashika vizuri. Kila anayepika Goma anazijua dakika hizo. Kipande cha plastiki au sandali iliyokatika kinawekwa chini, makala yanamwagwa juu, kiberiti kinapigwa, halafu mtu anainama na kupepea kwa kifuniko cha sufuria huku macho yakimtoka machozi. Mvua ikinyesha, na Goma mvua hainyimwi, kazi yote hiyo inahamia ndani ya nyumba ya mbao.

Tumezoea kusema moshi huo unaharibu macho na kifua. Ni kweli, lakini hauishii kifuani. Ushahidi umekusanyika kwamba hewa tunayoivuta tukiwa na miaka 30, 40 au 50 ina sehemu yake katika demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na akili kunakowapata wengi uzeeni. Na kwa mji kama Goma, sehemu kubwa ya hewa hiyo chafu iko mahali ambapo mkono wetu unafika: jikoni.

Mwaka 2020 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet, chini ya Profesa Gill Livingston wa London, iliingiza uchafuzi wa hewa katika orodha ya mambo yanayoongeza demensia na ambayo yanaweza kupunguzwa. Orodha ilikuwa na mambo 12. Mwaka 2024 yakawa 14, na tume ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama yote 14 yangeondolewa. Hewa chafu peke yake ilipewa kama asilimia 3.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walizipitia tafiti 51 zenye watu zaidi ya milioni 29. Kila pale chembe laini za hewani zilipozidi kwa mikrogramu 10 katika mita moja ya ujazo, kwa wastani wa muda mrefu, hatari ya demensia ilikuwa juu kwa asilimia 17. Kwa masizi, ile kaboni nyeusi ya moshi wa dizeli na kuni, mikrogramu 1 tu ilienda pamoja na ongezeko la asilimia 13.

Hiyo 17 isomwe sawasawa. Haisemi kwamba watu 17 kati ya 100 wataugua. Tuseme kati ya wazee 100 wa mahali fulani, 10 wangepata demensia. Hewa ikichafuka kwa kiasi hicho, wanakuwa 11 au 12. Kwa mtu mmoja ongezeko ni dogo. Kwa mji wenye watu zaidi ya milioni moja, ni familia nyingi ambazo zitamwangalia mama yao akipotea njia ndani ya parseli yake mwenyewe.

Sasa linganisha na jikoni. Tangu 2021 OMS, shirika la afya duniani, inashauri wastani wa mwaka wa chembe laini usizidi mikrogramu 5, na inasema nyumba inayopikiwa kwa moshi bila njia ya hewa inaweza kufikia mara 100 ya kiwango kinachokubalika. Tafiti nyingi za demensia zilifanyika Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia, katika miji ambayo hewa yake ni safi kuliko ya jiko lolote lenye mbabula ndani. Zile zilizoangalia moshi wa kupikia wenyewe, India, China na Mexico, zilikuta wazee wanaopikia kuni na makaa wakipata alama za chini katika majaribio ya kumbukumbu kuliko wanaopikia gesi au umeme. Umaskini na kukosa shule vimo ndani ya tofauti hiyo, na watafiti walijaribu kuvitoa katika hesabu. Tofauti ilipungua ila haikuisha.

Moshi unafikaje kwenye ubongo? Chembe zinazotajwa hapa zina upana usiozidi mikroni 2.5, wakati unywele una mikroni 50 hadi 70. Pua na koo haziwezi kuzikamata. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zile ndogo kabisa zinaingia kwenye damu. Nyingine zinapanda juu kwa mshipa wa fahamu wa kunusia, ambao unatoka puani moja kwa moja hadi ubongoni. Mwaka 2016 timu ya Chuo Kikuu cha Lancaster ilichunguza ubongo wa marehemu 37 kutoka Mexico City na Manchester, ikakuta humo chembe za magnetiti, madini ya chuma, zenye umbo la duara linalotokana na joto kali la kuunguza vitu. Mwilini chembe kama hizi zinaamsha uvimbe usiokwisha.

Lakini njia ninayoiona muhimu kuliko zote kwetu ni ya mishipa ya damu. Moshi unakaza mishipa, unapandisha presha, unaharakisha kuziba. Utafiti wa wazee wa Stockholm uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba kiharusi kinaeleza karibu nusu ya uhusiano kati ya hewa chafu na demensia. Maana yake ni hii: mama wa miaka 55 mwenye presha isiyotibiwa, anayepikia ndani, amebeba mizigo miwili inayoelekea mahali pamoja. Ukipunguza mmoja, hata wa pili unakuwa mwepesi.

Watu wa Goma wakisikia neno hewa chafu huinua macho kuelekea Nyiragongo. Si bure. Mlima huo wa volkano, na Nyamulagira pembeni yake, hutoa dioksidi ya salfa kwa wingi, na gesi hiyo ikikaa angani inageuka chembe laini za salfeti. Siku ambayo koo linawasha na hewa inanuka kiberiti, funga madirisha ya upande wa mlima, funika sitesi na mapipa ya maji ya mvua, na mwenye pumu asitoke bila dawa yake. Jivu likianguka, mwagia maji kidogo kabla ya kufagia. Zaidi ya hapo hatuna la kuufanya mlima. Mbabula tunaiwasha wenyewe, mara mbili au tatu kwa siku, siku zote za mwaka.

Kuna gesi tatu ambazo watu wanazichanganya, na kuchanganya huku kunaua. Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, upande wa Mugunga, Bulengo na kando ya ziwa, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Inaua mbuzi na watu palepale kwa kuwanyima oksijeni; haina uhusiano na demensia tunayoizungumzia. Ya pili ni moshi wenyewe, ule unaouona. Ya tatu ni kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki, na inatoka kwa makala mekundu yaliyoshika vizuri, yaani wakati ule hasa ambapo mtu anasema moshi umekwisha, tuingize mbabula ndani tuote.

Hii ya tatu inagusa akili moja kwa moja. Inakamata damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Goma iko kwenye mita kama 1,500, hewa yake tayari ina oksijeni pungufu kuliko ya pwani, kwa hiyo sumu inapata mwili ambao hauna akiba kubwa. Aliyeponea anaweza kuonekana mzima, kisha siku kadhaa hadi wiki chache baadaye akaanza kusahau, kuchanganyikiwa, kutembea kwa kuburuza miguu. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, mara nyingi kwa watu wote wa nyumba kwa pamoja, na nafuu mara wanapotoka nje. Barakoa yoyote haizuii gesi hii. Kwa hiyo mbabula isilale chumbani, hata dakika 30, hata mlango ukiwa nusu wazi. Mzee anayesikia baridi apewe blanketi ya pili, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa.

Tuje kwenye kuwasha, maana hapo ndipo faida kubwa inapatikana bila kununua chochote. Kwanza plastiki na raba zitoke kabisa. Moshi wake ni mweusi kwa sababu ni masizi matupu, na una sumu nyingine zinazobaki kwenye chakula na ukutani. Vibanzi vikavu, magunzi ya mahindi au maganda makavu ya mkaratusi vinatosha. Pili, badilisha mpangilio: makala chini, vibanzi juu. Ukiwasha chini, joto linapika makala yaliyo juu yake na moshi wake unatoka bila kuungua. Ukiwasha juu, moshi unapanda kupitia mwali na sehemu yake kubwa inaungua humo. Njia hii ilienezwa Afrika Kusini kwa makaa ya mawe, na inafanya kazi kwenye mbabula pia. Panga hivi: vipande vikubwa vya makala chini, vidogo juu yake, konzi mbili za vibanzi vilivyokatwa urefu wa kidole, halafu vipande vitano au sita vidogo vya makala juu ya vibanzi vinapowaka. Usijaze mbabula mpaka ukingoni. Hewa ikikosa pa kupita, unapata moshi tena. Kinachoharibu njia hii mara nyingi ni haraka ya kupepea: ukipepea kabla mwali haujatulia unauzima, na vibanzi vinabaki kufuka.

Kuwasha kufanyike nje, au kwenye baraza mvua ikinyesha, mpaka makala yote yawe na jivu jeupe juu. Mtoto wa mgongoni na mzee wasiwe upande moshi unakoelekea. Mchana upepo mara nyingi unatoka ziwani kwenda mlimani, usiku unarudi. Angalia nguo kwenye kamba kabla ya kuchagua upande wa kukaa.

Makala yenyewe yanachangia sana. Gunia linalomwagiwa maji ili liwe zito litakufukizia wiki nzima. Litandaze juani siku moja au mbili kabla ya kulitumia. Kipande kizuri ukikigonga kinalia kama chungu kilichochomwa vizuri, kikivunjika uso wake unang'aa, na hakichafui sana mkono. Chenye rangi ya kahawia ndani ni kuni iliyoiva nusu. Vipande hivyo vitumie kuwashia nje, usiviongeze katikati ya mapishi. Na kuongeza makala mabichi juu ya moto ukiwa ndani ni kuwasha upya: toa mbabula nje, ongeza, subiri, rudisha.

Jiko la ndani linahitaji matundu mawili. Moja tu halitoshi kwa sababu hewa ikikosa pa kuingilia haiwezi kutoka. Weka la chini upande upepo unakotoka, na la juu chini ya manjanja (mabati) upande wa pili, kila moja sentimita 40 kwa 40 au zaidi. Wengi wanaziba la juu msimu wa mvua na kulisahau. Ongeza kipande cha njanja kilichoinama kama kofia juu yake, mvua haitaingia.

Njia nyingine ni kufupisha muda wa moto. Kwa mwinuko wa Goma maji yanachemka karibu nyuzi 95, si 100, ndiyo maana maharagi yanachukua saa tatu na makala yanaisha. Loweka kilo moja kwa lita 3 za maji kuanzia jioni, saa 8 hadi 12, kisha mwaga maji hayo. Chemsha kwa maji mapya, moto mkali. Dakika 10 za kwanza za kutokota kwa nguvu usizikate hata ukiwa na haraka, maana maharagi, hasa mekundu, yana sumu inayovunjwa na mchemko mkali pekee. Endelea mpaka dakika 30, funika, kisha ingiza sufuria kwenye kapu lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya migomba, unene wa sentimita 10 kila upande, chini na juu pia. Acha saa 4 au 5 bila kufungua. Toa, chemsha tena dakika 10 hadi 15 pamoja na vitunguu na mafuta. Yanayoharibu ni mawili: sufuria isiyojaa hata theluthi mbili, ambayo inapoa haraka, na mtu anayefunua kila saa kuangalia. Ukikuta chakula ni vuguvugu tu, kichemshe vizuri kabla ya kula.

Sombe ina sheria yake: ikishatwangwa, ichemke bila kifuniko kwanza ili sumu ya majani ya muhogo itoke na mvuke, ndipo iingie kapuni. Bugali hauingii kapuni; ni kazi ya dakika chache, isonge nje.

Majiko bora yanayouzwa sokoni yanapunguza matumizi ya makala, na hilo ni zuri kwa mfuko na kwa misitu ya Virunga. Kwa afya yasipewe sifa yasiyostahili. Malawi, utafiti mkubwa wenye watoto zaidi ya 10,000 ulikuta majiko bora ya kuni hayakupunguza nimonia. Chembe zikishuka kutoka nyingi sana hadi nyingi tu, mwili hauoni nafuu kubwa. Gesi inashusha kweli: katika utafiti wa nchi nne ikiwemo Rwanda, wanawake wajawazito waliopewa jiko la gesi walivuta kama mikrogramu 24, wakati wenzao wa kuni walivuta kama 71. Hata hapo uzito wa watoto waliozaliwa haukubadilika, kwa hiyo mtu asiahidi miujiza. Nasema tu kwamba kati ya 71 na 24, ubongo wa miaka 20 ijayo una sababu ya kutaka 24.

Mwenye gesi akumbuke kwamba inazama chini kama mazuku. Chupa isikae shimoni wala kwenye chumba cha chini. Mlango uwe na nafasi chini. Kila ukibadilisha chupa paka povu la sabuni kwenye kiungio uone kama linatoa mapovu. Mwenye umeme wa uhakika aanze na sufuria ya presha ya umeme: maharagi yaliyolowekwa yanaiva kwa chini ya kilowati-saa moja. Iwe na soketi yake peke yake, waya mnene, bila kuungaunga, maana nyumba za mbao zinaungua kwa waya mwembamba uliobeba mzigo mkubwa. Na kosa la kawaida kuliko yote ni kununua gesi kwa chai ya asubuhi huku maharagi ya kila siku yakibaki kwenye mbabula ndani. Pumzi yako inahesabu saa za moshi. Hamisha kwanza kile kinachokaa motoni muda mrefu.

Barabarani nitapita haraka. Vumbi jeusi la mawe ya volkano linasumbua, ila chembe zake nyingi ni kubwa na zinanaswa puani. Moshi wa dizeli ndio unaoshuka chini. Ontario, Kanada, utafiti wa watu milioni 6.6 uliochapishwa 2017 ulikuta walioishi ndani ya mita 50 kutoka barabara kubwa walikuwa na hatari ya demensia iliyozidi kwa asilimia 7, na ikaisha baada ya mita 200. Mwuza duka wa kando ya njia anaweza angalau kurudisha kiti chake ndani zaidi. Jenereta ikae mita 6 au zaidi kutoka dirisha lolote, bomba la moshi likiangalia mbali na majirani. Kwa wamotari, waendesha pikipiki, kitambaa, hata kikilowekwa maji, hakizuii chembe laini. Barakoa ya FFP2 au KN95 inazuia ikiwa imekaza puani na mashavuni, na ikilowa au ikichakaa ibadilishwe.

Linabaki la presha. Tume ya Lancet inashauri kuanzia miaka kama 40 namba ya juu ibaki 130 au chini. Pima kila unapofika kituo cha afya, hata ulikwenda kwa malaria ya mtoto, na aliyeandikiwa dawa asiache siku anayojisikia vizuri.

Na mzee anapoanza kurudia swali lilelile, kupotea njia aliyoizoea, kuita mjukuu kwa jina la marehemu, kuzunguka usiku, naomba sana neno uchawi lisitamkwe. Huyo ni mgonjwa. Katika miji jirani ya Afrika ya Kati, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta demensia kwa asilimia 6.7 ya wazee wa Brazzaville na 8.1 wa Bangui. Basi wapo pia hapa Goma, Majengo, Ndosho na Birere, na wengi wao ni akina mama waliopika maisha yao yote. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku, mpelekeni siku hiyohiyo: huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari au kiharusi. Ikiwa imekuja polepole kwa miezi, kituo cha Tulizo Letu hapa Goma kinapokea magonjwa ya akili, na daktari atafute kwanza yanayotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende, VVU, dawa zinazogongana, huzuni kali, masikio yasiyosikia. Bebeni dawa zote anazomeza, pamoja na za miti shamba. Mwambieni daktari amepikia makala miaka mingapi, na kama analala chumba kimoja na moto. Mtaje pia kama wengine nyumbani huamka na kichwa kinachouma kisha kinapoa wakitoka nje, kwa sababu hapo kinachotafutwa si demensia peke yake bali gesi, na nyumba yote inapaswa kubadilisha pa kuweka mbabula usiku huohuo.